Luku inaisha haraka? Tafuta umeme unakoenda kabla hujamlaumu mtu

Nyumba nyingi za kupanga hapa Dar zina ugomvi wa luku. Mama wa chumba cha mbele anamtuhumu kijana wa uani kwa sababu ya sabufa, kijana anasema tatizo ni friji ya mama, mwenye nyumba anasema wote mnatumia vibaya, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuisogelea mita akaiangalia kwa dakika tano. Hii kitu inaniuma kwa sababu mita inasema kila kitu, ni kujua tu namna ya kuisoma. Na inaniuma zaidi nikiona watu wanahesabu kodi peke yake ndo gharama ya nyumba, laki mbili na nusu kwa mwezi basi, wakati nyumba yenyewe inaendelea kula kila siku kupitia luku, maji na gesi, af kwa kuwa unalipa buku mbili buku tatu kwenye simu huoni zikijumlika. Ipo nyumba ya kodi ndogo ambayo ni ghali kuliko ya kodi kubwa, huko chini nimeweka hesabu yake.

Hapa nimeandika kwa dalili, nenda kwenye ile inayofanana na yako. Ila soma kwanza hiki kipande cha bei, manake bila hicho mengine yote hayatakaa sawa.

Bei ya uniti moja ni ngapi kwako?

Wateja wa kawaida wa TANESCO wako kwenye makundi mawili. Kundi la D1 ni la majumbani wanaotumia kidogo, hawazidi uniti 75 kwa mwezi, wao uniti ni sh 100. Kundi la T1 ndo la wengi, uniti ni sh 292. Juu ya hapo inaongezwa VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla 22. Kwahiyo wa D1 analipa sh 122 kwa uniti na wa T1 analipa sh 356 na senti. Tofauti ni karibu mara tatu kwa umeme uleule unaotoka kwenye nguzo ileile. Na mtu wa D1 akivuka zile 75, uniti za ziada anauziwa kwa sh 350 kabla ya kodi, yani 427 ukijumlisha, kwahiyo anayevuka kidogo kila mwezi anaumia mara mbili, analipa ghali zile za juu na pia anajiweka kwenye hatari ya kuhamishiwa T1.

Kujua uko wapi chukua meseji ya mwisho ya luku, gawanya hela kwa uniti. Ukipata kama 120 uko D1, ukipata kama 356 uko T1. Ukipata namba isiyoeleweka soma dalili inayofuata.

Nimenunua ya elfu tano nimepata uniti 9 na kidogo, mwishoni mwa mwezi uliopita nilipata 14

Hujaibiwa. Ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, ilianza kwa sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, na ghorofa wanakatwa zaidi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Sasa ukitoa 1,500 kwenye 5,000 inabaki 3,500, ukigawa kwa 356 unapata uniti 9.8. Bila makato ungepata 14. Na kama mita ilikaa miezi mitatu bila kununuliwa umeme, ukinunua zinakatwa zote kwa mkupuo, 4,500 imeondoka na buku tano yako inabaki na uniti moja na pointi. Wengi wanaohamia nyumba iliyokaa tupu wanakutana na hii siku ya kwanza wakadhani mita ni mbovu.

Soma ile meseji mpaka mwisho, makato yote yameorodheshwa humo, deni la mita likiwepo nalo utaliona. Na mpangaji ujue hiki: kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Imepitia kwenye luku yako kwa urahisi wa kukusanya tu. Tunza zile meseji na mkae mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango, kwa mwaka ni 18,000, si hela ya kutupa.

Uniti zinaisha hata tusipokuwepo

Hapa ndo penye utajiri wa mambo na ndo watu wengi wanapoishia kulaumu majirani, kwahiyo twende taratibu.

Kwenye mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa. Karibu nacho pameandikwa namba mfano 1000, 1600 au 3200 imp/kWh. Maana yake kitaa kikipepesa mara 1600 (kama mita yako ni ya 1600) umetumia uniti moja. Hiyo ndo mizani yako na haihitaji fundi wala kifaa. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia namba tu, tumia namba ya uniti zilizobaki, iandike usiku na asubuhi, njia ndefu kidogo lakini inafika palepale.

Jaribio la kwanza. Zima meni swichi ya nyumba nzima. Nenda kwenye mita. Kitaa kikiacha kupepesa, vizuri, tatizo liko ndani kwenu. Kikiendelea kupepesa huku meni imezimwa, umeme unaondoka kati ya mita na meni swichi, yani ama kuna waya umeunganishwa hapo katikati kwenda kwa mtu mwingine (chumba cha uani, frem ya duka, kibanda cha mlinzi), ama waya umechubuka unavuja ardhini. Usifungue mita wala kukata sili, hiyo ni mali ya TANESCO na faini yake ni balaa. Piga picha ya video kitaa kikipepesa na meni ikiwa chini, peleka ofisini kwao. Mwenye nyumba naye aonyeshwe hiyohiyo video.

Jaribio la pili, kama kitaa kiliacha. Washa meni lakini chomoa kila kitu kwenye soketi, zima taa zote, kuchomoa kabisa sio kuzima kwa rimoti. Friji pia. Hita ya kuogea na pampu zina swichi zake, zima. Sasa hesabu mapigo kwa dakika sita, zidisha kwa kumi, gawanya kwa ile namba ya mita. Mfano umehesabu 32 kwenye mita ya 1600: 32 mara 10 ni 320, gawa kwa 1600 unapata 0.2, yani wati 200 zinaondoka hakuna anayezitumia. Wati 200 unaziona ndogo, ila kwa saa 24 ni uniti 4.8, kwa bei ya T1 ni sh 1,700 kwa siku, kwa mwezi elfu hamsini na moja. Hapo unamlipia mtu asiyekuwepo.

Kama baada ya kuchomoa vyote kitaa bado kinapepesa, zima breka zote kwenye boksi kisha washa moja moja, ile ukiiwasha kitaa kikaanza ndo mstari wenye shida. Sababu za kawaida ni waya uliopita kwenye ukuta unaolowa maji, soketi ya nje iliyoingia mvua, taa ya geti, au waya wa kwenda kisimani uliofukiwa ardhini bila bomba. Umeme unavuja kwenda ardhini na mita inahesabu kama umetumia. Dalili zake nyingine ni bomba la maji linalokupiga shoti kidogo ukiwa pekupeku, ukuta wa bafuni unaowasha vidole, friji inayotekenya ukiigusa ubavuni. Tafadhali sana ukiona hayo usiyazoee. Hilo sio swala la luku tena, kuna watoto wanaoga kwenye hilo bafu. Zima huo mstari, ita fundi mwenye leseni aje na kipimo cha mega apime waya, aangalie kama nyumba ina ethi kweli (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) au kuna kipande cha nondo kimechomekwa mchangani kwa kutimiza wajibu, na muulize kuhusu breka inayokata yenyewe umeme ukivuja.

Na kama baada ya kuchomoa vyote kitaa kimetulia kabisa, basi waya wako ni wazima na mlaji ni kimojawapo cha ulivyochomoa. Rudisha kimoja kimoja, kila kimoja mpe dakika sita zake.

Friji haizimi, inaunguruma usiku kucha

Friji nzima inawaka na kupumzika, inawaka na kupumzika. Ndogo nzuri inatumia chini ya uniti moja kwa siku. Isiyopumzika inaweza kwenda uniti tatu na zaidi, hiyo ni buku kila siku, elfu thelathini na zaidi kwa mwezi, na ukiangalia kilichomo ndani ni jagi la maji na nyanya nne.

Anza na mlango. Bana noti au karatasi kwenye mlango ufunge, kisha ivute. Ikitoka kirahisi raba ya mlango imechoka. Raba zinauzwa, au mara nyingine kuifuta tu mafuta na uchafu na kuikanda kwa maji ya moto inarudi. Pili angalia barafu, ikiwa nene kama kidole kompresa inahangaika bure, zima uiyeyushe, usikwangue kwa kisu. Tatu nafasi, friji iliyobanwa ukutani au imekaa jirani na jiko haina pa kutolea joto, isogeze itoke ukutani angalau kiganja kimoja, na ile koili ya nyuma ipigwe brashi vumbi litoke. Nne sufuria la maharage ya moto usiliingize, liache lipoe kwanza. Ukiwa umefanya yote na bado haipumziki wala haigandishi vizuri, gesi imepungua au kompresa imechoka.

Kuhusu mitumba, sisemi msinunue, wengi ndo uwezo wetu. Lakini friji ya mtumba ya Japan inatumia voti 100, kwetu umeme ni 230, kwahiyo unauziwa na transfoma. Hiyo transfoma iguse, ina moto. Ule moto ni luku, masaa 24, hata friji ikiwa imepumzika. Unapolinganisha friji ya mtumba ya laki mbili na mpya ya laki tano, tia kwenye hesabu uniti mbili za ziada kwa siku, ni kama elfu ishirini na moja kwa mwezi, kwa mwezi wa kumi na tano ile tofauti ya laki tatu imeisha na wa mtumba anaendelea kulipa.

Sababu nyingine ya friji kuhangaika ni umeme mdogo. Jioni kuanzia saa moja mtaa mzima umewasha, taa zinakuwa nyekundu, pangaboi linazunguka kwa uchovu. Pasi na hita umeme ukiwa mdogo zinachelewa tu, lakini mota kama ya friji na ya pampu zinavuta mkondo mkubwa zaidi, zinachemka na mwisho zinaungua. Kama hii ni kila siku lipelekeni kama mtaa, barua moja ya mjumbe yenye majina ya kaya zote ina uzito kuliko simu ya mtu mmoja, transfoma ya mtaa imezidiwa au ninyi mko mwisho kabisa wa laini. Wakati mnasubiri weka stabilaiza kwenye friji.

Tangu tumefunga hita ya bafuni luku haikai

Hii hata haihitaji uchunguzi. Ile hita ya kuogea inayochemsha papo kwa papo ina wati 3500 mpaka 5500. Chukua ya 4500, mtu akioga dakika kumi ametumia uniti 0.75, sh 267. Watu wanne asubuhi na jioni ni uniti sita kwa siku, uniti 180 kwa mwezi, elfu sitini na nne. Kwa Arusha, Mbeya, Njombe na Lushoto naelewa kabisa, pale Juni maji yanakata mfupa. Lakini kwa Dar, tanki jeusi juani linakupa maji ya uvuguvugu karibu mwaka mzima bila shilingi. Aliye baridini na anajenga afikirie hita ya jua mapema, bomba lake liwekwe kabla ya plasta. Aliyepanga apunguze dakika na apunguze joto kwenye kile kiswichi, nyingi zina hatua tatu, ya kati inatosha.

Jagi la kuchemshia maji lenyewe halina kosa, kosa ni kulijaza lita mbili kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Pampu inawaka yenyewe usiku

Kama mna pampu ya presha inayojiwasha ukifungua bomba, kaa kimya saa sita usiku usikilize. Ikiwaka wakati hakuna aliyefungua maji, kuna maji yanatoka mahali. Mara nyingi ni choo cha kuflashi, ile raba ya chini imechoka maji yanatiririka kidogo kidogo. Tia rangi ya chakula au majani ya chai kwenye tanki la choo usiku, asubuhi ukikuta rangi kwenye sinki la choo umempata mwizi. Raba yenyewe ni hela ndogo sana. Kingine ni valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani, ikifa maji yanashuka pampu inaanza upya kila mara. Na boya la tanki la juu likigoma maji yanamwagika, hapo unalipa umeme na maji kwa pamoja, pampu ya farasi moja inakula kama uniti moja kwa kila saa.

Taa, TV na vingine vidogo

Haraka haraka. Balbu nne za ulinzi za wati 60 zinazowaka saa 12 ni uniti 2.9 kila usiku, kama elfu thelathini kwa mwezi, ukiweka za LED wati 9 inakuwa kama elfu nne na mia sita. Hakuna matengenezo mengine yanayorudisha hela haraka kama hayo, kama nyumba yako bado ina balbu za zamani acha kusoma hapa nenda dukani. King'amuzi na sabufa vikiachwa kwenye soketi vinakula kidogo kidogo, elfu tatu kwa mwezi kwa king'amuzi, chomoa usiku. Chaja ya simu ni kelele tu, wale wanaogombana na wapangaji kwa ajili ya chaja wanaacha tembo wanafukuza sisimizi. Pasi piga nguo za wiki kwa mara moja.

Tumeacha mkaa tukaanza kupika na umeme, ni hasara au faida?

Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya kaya kutumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi naunga mkono kwa moyo wote kwa sababu ya vifua vya mama zetu na watoto waliobebwa mgongoni juu ya moshi. Ila mtu apewe hesabu.

Kilo moja ya gesi ina joto la kama uniti 12.8, lakini jiko la gesi linaingiza kwenye sufuria kama nusu na zaidi kidogo, mengine yanapotea pembeni. Jiko la pleti la umeme linapoteza kidogo zaidi ya robo. Ukilinganisha, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya uniti kama kumi za pleti. Kwahiyo chukua bei ya mtungi wa leo gawa kwa kilo zake, af linganisha na sh 3,560 kwa wa T1. Mtungi wa kilo 15 ukiwa 55,000 kilo ni 3,667, yani karibu sare. Lakini presha kuka ya umeme ni habari nyingine, inafunika joto isiachie, maharage au makande yanaiva kwa kama nusu uniti, haifiki mia mbili. Hapo hakuna gesi wala mkaa unaosogea. Kwahiyo vya kuchemsha muda mrefu tia kwenye presha kuka, chapati na kukaanga baki na gesi. Mtu wa D1 piga hesabu ya zile 75 kwanza usije ukavuka.

Nyumba ni tanuri, bila AC hatulali

Watu wanaita fundi AC kumbe wangeanza na fundi bati. Bati lililopigwa na jua kutwa bila dari linakuwa linakumwagia joto kichwani mpaka usiku, na ukifunga AC kwenye chumba hicho unapooza bati la nyumba, sio chumba. AC ya BTU 12,000 inavuta kama wati 1100, kwa usiku wa saa nane na mapumziko yake inakula uniti kama sita, zaidi ya buku mbili, mwezi mzima elfu sitini na nne. Pangaboi la wati 70 kwa saa kumi ni sh 250. Mara nane na zaidi.

Babu zetu wa pwani walilijua hili bila umeme. Angalia nyumba za Lamu na Mji Mkongwe, kuta nene za mawe ya matumbawe, dari juu, ua katikati, baraza la kivuli. Sisi sahivi tunajenga ukuta mwembamba wa tofali la inchi tano, bati la rangi nyeusi au maruni kwa sababu linapendeza, dirisha la alumini la kusukuma ambalo hata ulifungue lote linafunguka nusu tu, na mti uliokuwepo tumeukata kupisha pavingi. Halafu tunashangaa.

Anza na cha bei rahisi. Miezi ya joto kwetu, Desemba mpaka Machi, ni miezi ya kaskazi, upepo unatoka kaskazini mashariki, kwahiyo dirisha la upande huo ndo la kufungua na lazima upepo upate pa kutokea upande wa pili, chumba cha dirisha moja hakipati upepo hata iweje. Ukuta wa magharibi ndo unaopigwa jua la mchana kwenda jioni, hapo weka kivuli kwa nje, mti, turubai, mkeka, pazia la ndani linachelewa manake joto limeshaingia. Bati lipakwe rangi nyeupe ya bati, kazi ya siku moja. Dari iwepo, na matundu ya hewa juu yake pembeni yasizibwe, hewa ya moto kati ya bati na dari ipate njia. Ukishafanya hayo wengine hata AC hawaikumbuki. Na kama bado unaihitaji, chujio lisafishwe kila mwezi, ziba uwazi chini ya mlango, iweke 25 au 26 na pangaboi taratibu, sio 16. Kuiweka 16 haifanyi chumba kipoe haraka zaidi, inafanya tu kompresa isipumzike.

Mita moja, familia nne

Hili ndo linaloniumiza kuliko yote kwa sababu anayeumia ni mwenye kipato cha chini. Familia moja ya chumba na sebule inatumia kama uniti 40 kwa mwezi. Ingekuwa na mita yake ingekaa D1, uniti 40 mara 122 ni sh 4,880. Lakini zikiwa familia nne kwenye mita moja jumla ni 160, mita inasomeka ni mtumiaji mkubwa, iko T1, kila familia inalipa 14,250. Mwenye nyumba akiwa anawauzia kwa mia tano uniti inakuwa elfu ishirini. Mara nne ya ilivyostahili, na hakuna aliyetumia vibaya.

Dawa ni mita ya kila mmoja, na mwenye nyumba anayesoma hapa naomba ulifikirie, nyumba yenye mita kila chumba haikai wazi na ugomvi unauondoa uani. Ikishindikana, sabmita (mita ndogo ya ndani) kwa kila chumba, sio mpya kwa fundi yeyote, mtalipa T1 lakini kila mtu alichotumia. Na wenye mita binafsi walioko T1 huku wanatumia chini ya 75, nendeni ofisi ya TANESCO mkaombe kubadilishiwa, wanaangalia matumizi yako ya miezi iliyopita.

Nitajuaje kabla sijahamia?

Mfano, nyumba mbili. Ya kwanza kodi 250,000, mita ya pamoja unauziwa uniti moja kwa sh mia tano, bati bila dari. Matumizi ya kawaida uniti 90 ni 45,000, joto limekulazimisha AC uniti 180 ni 90,000. Jumla 385,000. Ya pili kodi 300,000, mita yako, ina dari na mwembe upande wa magharibi, uniti 60 za D1 pangaboi likiwemo ni 7,320, kodi ya jengo 1,500. Jumla 308,820. Ile ya "bei poa" imekuzidi elfu sabini na sita kila mwezi, na kama umelipa miezi sita mbele hutoki.

Kwahiyo dalali akikupeleka, nenda saa tisa alasiri, sio asubuhi, simama chumbani dakika tano madirisha yakiwa yamefungwa kisha yafungue. Angalia juu kama kuna dari. Omba kuona meseji za luku za miezi mitatu, humo utaona kundi la bei (D1 au T1), deni na uniti kwa mwezi. Omba meni izimwe ukaangalie kitaa cha mita. Flashi choo usikilize kama maji yanakata. Gusa bomba la bafuni kwa tesita. Na kama mita ni ya pamoja uliza kabisa nani ananunua, uniti anauza shilingi ngapi, pampu ya maji inalipiwa na nani na taa za nje zinagawanywaje, na majibu hayo yaingie kwenye mkataba kabla hela haijatoka.